Mti Mmoja, Miti Mitatu

Luthuli, ghorofa ya pili, duka lenye upana wa kitanda.
Abdinoor amezipanga kamera juu ya kioo
kama daktari wa meno apangavyo vyuma vyake.
Ananiuliza, "Unataka megapikseli ngapi?"
Namwambia nataka inayoingia kwenye soksi.

Anacheka. Mimi sicheki.
Soksi ninayo mkobani, ya sufi, ya kijivu,
kisigino kimeshonwa kwa uzi wa buluu.
Ilikuwa ya babangu, Muthiani,
aliyeendesha lori miaka ishirini na miwili
kutoka Athi River hadi Lubumbashi, akarudi, akaenda tena,
na sisi watoto tulipomuuliza huko kukoje
alivua viatu, akanyoosha miguu, akasema:
"Ni mbali."

Basi.
Jiografia yote ya nyumba yetu ilikuwa neno hilo moja.

Alhamisi naondoka mimi, usukani mkononi,
tani ishirini na saba za sabuni mgongoni,
njia ileile.

Kamera ya kwanza ni nyekundu, nyembamba
kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni.
Naitoa dirishani. Jua la saa saba linakipiga kioo chake
na ninachoona ni uso wangu, na kijasho puani.
Sitaenda kilomita elfu mbili na zaidi nikijitazama.

Ya pili ina pua. Inanguruma, inarefuka, bado inarefuka.
"Hii inavuta hadi mwezi," asema.
Mwezi uache ulipo, kijana.
Vumbi la Dodoma likiingia kwenye pua hiyo
nani ataipenga?

Ya tatu, betri yake ni yake peke yake,
kama mtoto asiyekula ila chakula cha mamake.
"Utaichaji ndani ya lori."
Huyu hajalala kwenye lori lililozimwa,
foleni ya Nakonde, siku ya nne,
madereva wakiombana moto wa sigara na habari za mpaka.

Ya nne haikupangwa. Ilikuwa chini ya kaunta,
katikati ya chaja zisizo na wenyewe.
Nzito kidogo, rangi ya fedha imechubuka pembeni;
mtu alianza kuikwaruzia jina tumboni,
herufi mbili, akaghairi.
Inakula betri mbili za tochi, zile ndogo,
ziuzwazo popote panapouzwa sigara na panadoli.
Tena ina kitundu cha kuchungulia.
Naweka jicho. Duka lote linakuwa dogo, linatulia.

Kidole kinagusa kitufe.
Upande mmoja kimechorwa mti mmoja,
upande wa pili miti mitatu.
Nabonyeza penye mmoja:
ng'ambo ya barabara, juu ya paa, kando ya tangi la maji,
mtu ananyoa mwenzake ndevu,
naona povu, naona shavu lilivyovutwa,
naona wanavyoaminiana na wembe.
Nabonyeza penye mitatu:
mapaa, matangi, nyaya, Nairobi yote na kelele zake,
na wale wawili ni nukta.

Kumbe mbali ina kitufe.

Anasema elfu nne na mia tano. Nasema elfu tatu.
Tunatukanana kwa adabu. Elfu tatu na mia nane, na kadi juu.
"Kadi hii inabeba picha elfu mbili."
Nahesabu kimoyomoyo. Hata moja kwa kilomita haifiki.
Itabidi nichague.

Baba naye alichagua, nadhani.
Labda alikuwa nazo elfu mbili kichwani,
na jioni ile, mbele ya vikombe vyetu vya uji,
hakujua aanze na ipi.

Naitia kwenye soksi. Inajaa penye kisigino, sawasawa.
"Hutaijaribu?" aniuliza Abdinoor.
Naitoa tena. Nainama,
natafuta mti mmoja kwa kidole.

Picha nambari moja:
viatu vyangu, kabla havijafika.